Mama hataki chanjo ya korona. Nimwambie ni ya mafua?

Assalaam alaykum Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Coventry, Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Asili yetu ni Wete, Pemba, ila tumekulia Dar es Salaam. Mama yangu ana miaka 76. Baba alipofariki, mama alibaki kwa kaka yetu mkubwa kule Dar, na tangu mwaka 2022 yuko kwangu. Ana presha na sukari, magoti yanamsumbua, lakini akili yake ni timamu kabisa. Upatu anaocheza na shoga zake wa Magomeni bado anausimamia yeye kwa simu, na hajawahi kukosea zamu ya mtu. Kiingereza hajui zaidi ya salamu, kwa hiyo kwa daktari, hospitali, famasi, popote pale, mkalimani wake ni mimi.

Kila vuli inakuja barua ya kumwita achanjwe chanjo mbili, ya mafua na ya korona. Majira ya kuchipua inakuja nyingine, ya korona peke yake. Ya mafua hana neno nayo, anakunja mkono wa gauni na kuchomwa. Ya korona hataki hata kuisikia. Anasema korona ilikwisha zamani. Anasema jirani yetu wa Magomeni, shoga yake wa miaka mingi, alichanjwa Agosti 2021 na wiki haikuisha akazikwa. Mama alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nikianza kumweleza ananikata: "Mimi nimemwosha kwa mikono hii, wewe unanisomea karatasi."

Mama Mshauri, hofu yangu haikutoka kwenye karatasi. Nilikuwepo kazini Aprili 2020, wakati vyumba vilipobaki na majina ya watu milangoni na ndani hamna mtu. Huko nje wanadhani yale yamepita. Baridi hii tulipata mlipuko kwenye ghorofa yetu, na wazee tuliowazoea wameondoka. Kuna bibi mmoja alirudi kutoka hospitali akiwa mzima, tukashangilia, lakini hakusimama tena. Baada ya wiki chache akafa, na kwenye maelezo wakaandika moyo. Kutoka hapo ndipo ninapopanda basi na kurudi nyumbani kukaa meza moja na mama yangu.

Kaka mkubwa anapinga kwa nguvu zote. Kwenye kundi letu la familia anatuma ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine: mama ana sukari na presha, hiyo sindano ndiyo itakayommaliza, na lolote litakalompata nitalibeba mimi duniani na akhera. Binamu yetu aliyeko Muscat akaongeza kwamba ndani yake mna mafuta ya nguruwe. Wadogo zangu wamenyamaza.

Sasa nikueleze jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi. Baba alifariki Februari 2021. Aliugua kama siku kumi. Kaka alimfukiza, nyungu asubuhi na jioni, malimao na tangawizi, kama watu wote walivyokuwa wakifanya wakati ule. Alipoanza kupumua kwa shida ndipo akapelekwa hospitali, na hakukaa sana. Kipimo kilikuja na jibu la korona. Kaka aliyapokea majibu yale yeye mwenyewe, akatuambia sisi watoto na akaamua mama asiambiwe. Mama alielezwa ni nimonia, na hadi leo akitaja kifo cha mumewe anasema, "Baba yenu alikufa na nimonia, mbona hiyo korona haikumgusa?" Anaitumia kama ushahidi wa kukataa chanjo. Mimi nanyamaza.

Tumeshapangiwa siku kwenye famasi. Nimekaa nikawaza: zote ni sindano, moja mkono huu na nyingine mkono ule, na anayemtafsiria ni mimi. Nikimwambia mafua ya mwaka huu yana dozi mbili, atakubali. Atakuwa salama na hakuna atakayejua. Je, nitakuwa nimefanya kosa?

Wako, Binti wa Coventry

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu. Poleni kwa baba yenu, na poleni kwa wazee mnaowazika kazini bila kupewa hata siku ya kuwalilia.

Usimdanganye. Naanza na hilo kwa sababu siku ya famasi iko karibu, na mtu aliyechoka kwa hofu kama ulivyochoka wewe anaweza kulifanya hilo ndani ya nusu dakika.

Unajua kazi yako, kwa hiyo hili unalijua pia. Uingereza ina sheria ya mwaka 2005 ya uwezo wa kuamua, Mental Capacity Act, inayosema kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa tiba, hata kama sababu zake wengine wanaziona hazina maana. Mzee anayeendesha upatu wa Magomeni kutoka Coventry ana akili timamu. Mfamasia atakayemchoma atakuwa amechoma mwili wa mtu ambaye hakuridhia, bila yeye mfamasia kujua, kwa sababu wewe umesimama katikati na maneno umeyageuza. Umfikirie na yeye. Ifikirie na ajira yako.

Lakini zaidi ya sheria, mama yako anaishi katika nchi ambayo haelewi lugha yake. Kila anachoambiwa na daktari kimepita mdomoni mwako. Kipimo cha sukari, dawa ya presha aimeze mara ngapi, karatasi ya kutia saini kabla ya kupasuliwa, vyote anavikubali kwa sababu umesema wewe. Na atajua. Wajukuu wanasoma Kiingereza, na rekodi ya chanjo inabaki kwa daktari. Siku hiyo atakumbuka kila kidonge ulichowahi kumpa na kujiuliza kilikuwa cha nini. Utakuwa umempa kinga ya miezi michache, ukamnyang'anya mtu pekee anayemwamini katika nchi nzima.

Haya, hofu yako sasa. Hofu yako ni ya kweli na nataka kaka yako aisome sehemu hii. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena. Wengi walisikia "imekwisha". Kilichokwisha ni dharura. Desemba ya mwaka huohuo pekee, shirika hilo lilipokea taarifa za vifo karibu 10,000, na zilitoka katika nchi zisizofika hamsini, nyingi zikiwa za Ulaya na Amerika. Nchi nyingine zilikuwa zimeacha kuhesabu na kutuma. Marekani, vifo ambavyo korona iliandikwa kwenye cheti vilikuwa takriban 245,000 mwaka 2022, vikashuka hadi takriban 76,000 mwaka 2023. Ni nafuu kubwa. Bado ni watu 76,000 katika nchi moja, katika mwaka ambao watu walishavua barakoa na kurudi harusini. Na wanaokufa sasa ni wazee. Mwanzoni ugonjwa ulichukua hata watu wa makamo. Siku hizi vifo vimewalundikia waliopita miaka 65, na hasa waliopita 75.

Yule bibi wa ghorofa yenu ananiuma. Ndivyo korona inavyoua wazee wengi sasa, kimyakimya. Homa inapita, kikohozi kinapita, ila moyo umechoka, au damu imeganda mahali, au misuli imekwisha kwa wiki mbili za kulala. Kinachokuja kuandikwa ni moyo, kiharusi, au uzee. Nyumba za wazee za England na Wales zilipoteza zaidi ya wakazi 45,000 kwa korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, na hao ni wale ambao cheti kiliitaja.

Kaka yako anasema sukari na presha ni sababu ya kutochanjwa. Hilo lilishajaribiwa, na mji mzima ulilipa. Hong Kong ilijikinga vizuri kwa miaka miwili. Chanjo zilikuwepo, za bure, lakini wazee wengi hawakuchanjwa: watoto waliogopa, na hata baadhi ya madaktari waliwaambia wenye presha na sukari wasubiri. Mapema 2022 Omikron, aina mpya ya korona, ikaingia. Katika miezi michache walikufa watu zaidi ya 9,000, karibu wote wazee, na wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Chumba cha maiti kilijaa. Sukari na presha ndizo zinazoifanya korona kuwa mbaya zaidi kwa mzee; kwa hiyo mwenye maradhi hayo ndiye anayepaswa kuwa mbele kwenye foleni. Huko Ulaya, utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa Januari 2024 ulikadiria kwamba chanjo ziliokoa maisha ya watu zaidi ya milioni 1.4 katika kanda hiyo tangu zilipoanza kutolewa, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa na miaka 60 au zaidi. Zilianzia mjini kwenu, mwanangu. Bibi Margaret Keenan wa miaka 90 alichomwa hospitali ya Coventry tarehe 8 Desemba 2020, wa kwanza duniani kupewa chanjo ya Pfizer nje ya majaribio.

Kuna swali ambalo kaka hajaliuliza lakini liko nyuma ya maneno yake: mbona sisi Dar tupo? Tanzania ni nchi ya vijana. Wenye miaka 60 na zaidi hawafiki hata mmoja kati ya kumi, wakati England waliopita 65 tu wanakaribia mmoja kati ya watano. Kirusi kilekile kikipita nyumba yenye vijana sita na mzee mmoja, kitazika mmoja. Tena hatukuhesabu. Kuanzia Mei 2020, hesabu ilipokomea kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, hadi katikati ya 2021, takwimu hazikutolewa kabisa. Baba yenu alifariki ndani ya kipindi hicho. Mwezi huohuo, tarehe 17 Februari 2021, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar na mtu wa Pemba, alifariki hospitali ya Muhimbili, na chama chake kilikuwa kimeshatangaza wazi kwamba ana korona. Mama yako ni mtu wa Wete; bila shaka anaikumbuka siku ile. Kumbe msiba ule na msiba wake vilikuwa na sababu moja, na yeye hajui.

Kuhusu nguruwe nitapita haraka: chanjo ya Pfizer haina kitu chochote cha nguruwe, na chama cha madaktari Waislamu wa Uingereza kiliwahimiza Waislamu waipokee. Mwambie binamu yako Muscat.

Shoga yake ni jambo zito zaidi, na hapa nakuomba uache kubishana naye kabisa. Mama yako ameosha maiti ya rafiki yake. Takwimu yoyote utakayoitaja hapo ataisikia kama dharau kwa marehemu. Mwache asimulie. Muulize alikuwa mtu wa namna gani, walianza lini kujuana, siku zile za mwisho alisema nini. Baadaye sana, akiwa tayari kusikia, unaweza kumweleza kwamba Julai na Agosti 2021 lilikuwa wimbi la Delta, aina ya korona iliyokuwa kali, watu wakifa Dar bila kuchanjwa na waliochanjwa jana; kwamba chanjo huchukua kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo mtu aliyeambukizwa juzi haimfai kitu leo; na kwamba chanjo iliyoanza kutolewa Tanzania wakati ule, ambayo Rais Samia alichomwa Ikulu tarehe 28 Julai 2021, ilikuwa ya Johnson & Johnson. Hiyo siyo inayotolewa Coventry sasa. Chanjo ile, na ile ya AstraZeneca pia, ziligundulika kusababisha damu kuganda kwa watu wachache sana, na zikaachwa. Usifiche hilo. Mzee anayeambiwa "haina madhara yoyote" anajua anadanganywa, kwa sababu hajawahi kuona dawa isiyo na madhara. Hizi za sasa humpa mtu mkono kuuma, uchovu, labda homa siku moja mbili. Uvimbe wa misuli ya moyo hutokea kwa nadra, na zaidi kwa vijana wa kiume. Mzio mkali ni nadra mno, na ukitokea huja mapema, mfamasia akiwa na dawa yake karibu. Haimzuii mtu asiambukizwe kabisa. Kazi yake kubwa ni kuuzuia ugonjwa usimpeleke mzee hospitali na kaburini, na nguvu hiyo hupungua baada ya miezi, ndiyo maana barua zinarudi.

Sasa baba yenu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na naona sindano ndiyo sehemu nyepesi ya mambo haya. Mama yako anaamua kuhusu maisha yake akiwa na habari ya uongo kuhusu kifo cha mumewe. Anasema "haikumgusa" kwa sababu ndivyo mlivyomwambia. Hawezi kuupima ugonjwa kwa haki wakati mmemwondolea kipimo alichokuwa nacho ndani ya nyumba yake. Na wewe ulikuwa unakaribia kuongeza uongo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Anza na kaka. Usimwandikie kwenye kundi, mpigie, wewe na yeye tu. Kijana yule, nasema kijana ingawa huenda ana miaka hamsini, alimfukiza baba yake kwa siku kumi akiamini anamponya. Nchi nzima ilikuwa ikijifukiza. Halafu akapokea karatasi peke yake, akasoma neno ambalo wakati ule halikutamkwa, na tangu siku hiyo amelibeba. Kila unapotaja chanjo, yeye anasikia: wewe ulichelewa. Ndiyo sababu ya ukali wote ule. Mwambie kwanza kwamba hakumuua baba. Hata waliofika hospitali mapema walikufa, oksijeni ilikuwa ya kugombania, na chanjo haikuwepo nchini hadi miezi mitano baadaye. Mwambie hivyo, unyamaze, umwache alie akitaka. Sitashangaa ikiwa hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Kisha mwombe amwambie mama mwenyewe. Yeye ndiye aliyeficha, na ukisema wewe itakuwa kama umemshtaki kwa mama yake. Mpe muda. Akikataa kabisa, mwarifu kwamba utasema wewe, na umweleze utakavyosema, ili asisikie kutoka kwa mtu mwingine.

Mama atakasirika. Pengine ataanza msiba upya, pengine ataswali na kunyamaza siku kadhaa. Mstahi. Na hili nakusisitiza: siku atakayoambiwa habari ya baba, chanjo isitajwe. Hata kidogo. Ukimwambia leo kilichomuua mumewe na kesho ukamletea karatasi ya famasi, atajua mmemwambia ukweli kwa kuwa mna shida nao. Ahirisheni miadi. Chukua ya mafua peke yake ikiwa siku imefika, kampeni inaendelea kwa wiki nyingi, na mwenye miaka 75 na zaidi ataitwa tena majira ya kuchipua.

Akishatulia, rudi kwenye jambo hilo kwa kuuliza: "Mama, sasa unaionaje ile chanjo?" Ukishauliza, sikiliza. Na uiachie nafasi yako ya ukalimani. Ukipiga simu famasi au kwa daktari wa familia, omba mkalimani wa Kiswahili, kwa simu au ana kwa ana. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inatoa huduma hiyo bure, na taratibu zake zinasema ndugu wasitumiwe kutafsiri mambo ya ridhaa. Mama aulize maswali yake yote, ya shoga yake, ya damu kuganda, ya sukari, na ajibiwe na mtu ambaye si mwanawe. Wewe kaa kwenye kiti cha pembeni, binti tu. Wazee wengi wanaokataa hubadilika wanapojibiwa kama watu wazima, na wengine hawabadiliki. Kama hajawahi kuchanjwa kabisa, siku hizi kwa mtu wa hali yake dozi moja inatosha kuanzia. Hahitaji mlolongo wa dozi kama 2021.

Kaka naye ayaondoe mambo haya kwenye kundi la familia. Jibu lako la kudumu kwake liwe: "Mama ameulizwa, na atakachosema ndicho." Si yeye wala wewe mwenye uamuzi, hata kama yeye ni mkubwa na wewe ndiye unayelisha.

Ikiwa mama atasema hapana, na huenda akasema, msiharibu uhusiano. Kuna mengi ya kufanya. Mwulizie chanjo ya nimonia inayotolewa mara moja kwa waliofika 65, na ya RSV, kirusi kinachoshambulia mapafu, ambayo England ilianza kuitoa Septemba 2024 kwa wenye miaka 75 hadi 79. Hizo hazina historia ya Magomeni na anaweza kuzikubali. Kazini kwenu kukiwa na mlipuko, vaa barakoa nyumbani kwa siku hizo, fungua dirisha la sebule hata kama ni Januari, vua sare kabla ya kumsalimu, mkono wake uubusu baadaye. Wewe mwenyewe, najua wahudumu wameondolewa kwenye orodha ya chanjo ya bure ya korona. Famasi nyingi huiuza, na kama kipato kinaruhusu, lipia, kwa sababu ya meza hiyo mnayokaa pamoja. Ya mafua bado unapewa bure, ichukue.

Na siku akianza kukohoa, usingoje kama alivyongojewa baba. Mpime siku hiyohiyo, vipimo vya puani viwepo kabatini. Kikitoka na jibu la korona, piga simu kwa daktari au namba 111 ya NHS saa hiyohiyo, useme umri wake, sukari yake na presha yake, na uulize kama anastahili dawa ya Paxlovid. Inatakiwa ianzwe ndani ya siku tano tangu dalili za kwanza. Baada ya hapo haina faida ileile. Inagongana na baadhi ya dawa za kolesteroli, za moyo na za kuzuia damu kuganda, kwa hiyo watataka kujua kila anachomeza. Andika orodha hiyo leo, majina na miligramu kama yalivyo kwenye paketi, uibandike kwenye friji, ili ukiwa zamu ya usiku hata mtoto wako mkubwa aweze kuisoma kwenye simu.